Ukumbi unaochukua watu 600, na wageni wenu 350

Swali la msomaji: Shikamoo mama. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ya dada yangu hapa Mwanza. Sherehe ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili, kadi tumeshagawa, wageni 350. Tuna kumbi tatu mezani. Wa kwanza uko katikati ya mji, una viyoyozi, na meneja anasema unachukua watu 600. Wa pili ni bustani ya ufukweni, nzuri sana, ziwa liko mbele yako. Wa tatu ni ukumbi wa parokia kule Nyakato, mkubwa lakini wa kawaida, una dari na pangaboi tu, na nje kuna kiwanja kipana. Bei zimepishana mno na kila mjumbe ana lake. Naomba unieleze kitaalamu: ukumbi wa sherehe ni nini hasa, tunalipia kitu gani, na tutajuaje upi unatufaa?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongereni. Ningekuwa na uwezo ningewarudisha nyuma hatua moja, kwa sababu ukumbi hutangulia na kadi hufuata. Lakini watu wameshachanga, na mtu aliyechanga huwezi kumwambia asije. Kwa hiyo 350 ndiyo namba yetu, tuanzie hapo.

Nimeshika funguo za kumbi za mji huu kwa zaidi ya miaka 20. Mwanzo nilikuwa msimamizi wa ukumbi, yule anayefika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Sasa naratibu sherehe za watu. Jambo moja ambalo ningetamani kila kamati iingie nalo kikaoni ni hili: mnachokodi ni saa. Mnakodi saa sita au saba za usiku wa Jumamosi, na ndani ya saa hizo watu 350 wataingia, watakaa, watakula, watakwenda msalani, watacheza na watatoka. Kuta, viyoyozi, taa za rangi na bustani vina thamani kwa kadiri vinavyosaidia mwendo huo. Kamati nyingi huenda kuangalia ukumbi saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Wako watu wanne, ukumbi mtupu, umedekiwa, unanukia dawa ya sakafu. Hapo mmeona jengo tu. Ukumbi bado hamjauona.

Ukiniuliza ukumbi ni nini, nitakwambia ni mahali popote palipotengwa ili watu wakutane kwa shughuli yenye mwanzo na mwisho. Mwanza tunazo za kila namna. Iko Gandhi Hall mjini, uko ukumbi wa Benki Kuu pale Capri Point unaotumika sana kwa mikutano ya kiserikali, ziko kumbi za hoteli, za parokia na za shule. Kuna viwanja vya Furahisha kwa matamasha na mikutano ya hadhara, na uwanja wa CCM Kirumba kwa umati ambao hakuna paa la kuufunika. Na kuna turubai linalofungwa mbele ya nyumba ya mtu Igoma au Mabatini, viti vya kukodi, na njia ya mtaa imezibwa kwa mawe mawili. Hilo nalo ni ukumbi. Kwa msiba, mara nyingi ndilo ukumbi pekee, na hakuna anayelalamika.

Kinachotofautisha mahali hapa na pale ni shughuli gani panairuhusu ifanyike. Mfano ninaoupenda uko hapohapo nje ya mji. Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, mwezi wa sita. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, wanacheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Uwanja ule hauna meza wala kiyoyozi, lakini una kitu ambacho shindano lile haliwezi kuishi bila yake: nafasi ya watu kuhama. Ukisikia upande wa pili wamechangamka unakimbia huko, na kukimbia kwako ndiko kura yako. Weka viti vya mistari pale katikati na shindano limekufa, hata wachezaji wawe hodari vipi.

Basi jiulize sendofu ina mwendo gani. Dada yako ataingia akicheza, taratibu, na wasindikizaji wake nyuma. Anahitaji njia ya katikati yenye upana wa mita mbili, siyo kupenyapenya kati ya migongo ya viti. Kisha utambulisho wa familia mbili, watu wanasimama kwa makundi. Kisha keki, nasaha za wazazi, chakula. Kisha zawadi, na hapa ndipo kumbi nyingi hushindwa, maana zawadi kwetu haziletwi na mtu mmoja mmoja. Wanakuja shangazi kumi na tano na kitenge kirefu wamekishika pande zote, wanacheza kuanzia mlangoni. Nyuma yao wafanyakazi wenzake na jokofu begani. Nyuma yao jumuiya. Kila kundi linataka eneo la mbele, na linataka kuonekana. Ukumbi wenye nguzo katikati utawanyima nusu ya wageni wenu sherehe nzima. Watakuwa wamekuja kusikiliza spika.

Sasa hiyo 600. Meneja hajakudanganya, ila amekuhesabia kitu kingine. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha mstari, bila meza, anahitaji kama mita ya mraba 0.7 ukijumlisha na njia ya kupita. Mtu wa kwenye meza ya duara anahitaji 1.2 au zaidi, kwa kuwa meza ya watu 8 yenyewe ina kipenyo cha mita 1.5, ya watu 10 ina mita 1.8, na nyuma ya kila kiti lazima mhudumu apite na trei. Tuseme ukumbi ule una mita 24 kwa 18. Hizo ni mita za mraba 432. Gawa kwa 0.7, unapata watu 617: ndiyo ile 600 ya meneja, watu wa mkutano, wamekaa mistari kama wanasikiliza hotuba, hakuna meza, hakuna keki, hakuna pa kucheza. Sasa ondoa jukwaa la meza kuu, ondoa keki, ondoa dijei na spika zake, ondoa meza za chakula na nafasi ya mbele. Mimi huondoa theluthi nzima. Zinabaki mita 288. Gawa kwa 1.2, wanakaa watu 240. Ukumbi ni uleule.

Ndiyo maana namba ya watu usiipokee kwa meneja yeyote. Mwombe urefu na upana, au bora zaidi uende na futi ya fundi mkapime wenyewe, mmoja ashike mwisho huu na mwingine ule. Ukitaka kila mgeni wenu akae mezani, mnatafuta ndani pasipopungua mita za mraba 630. Mkikubali kuchanganya, yaani meza kwa wazee, ukweni na viongozi wa dini, tuseme watu 120, na vijana 230 wakae viti vya mistari, mahitaji yanashuka hadi mita 305 mbali na eneo la mbele. Ona kwamba hata hapo ukumbi wa mita 432 bado unabana, ila kama una baraza pana la kuhamishia chakula.

Chakula nacho kinahesabika. Nimewahi kusimama na saa mkononi kwenye bufee nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na foleni moja hupitisha watu wanne kwa dakika, ikienda vizuri. Watu 350 kwenye foleni moja ni karibu saa moja na nusu. Wa kwanza wameshamaliza wanapiga miayo, wa mwisho wanaambiwa nyama imekwisha. Meza mbili, kila moja ikichukuliwa pande zote mbili, ni foleni nne, na mnamaliza ndani ya nusu saa. Lakini meza inayochukuliwa pande zote haiwezi kuegemezwa ukutani, inataka nafasi kuizunguka. Kwa hiyo swali la foleni ni swali la mita za mraba, na mpishi wenu anapaswa kulijibu kabla hamjalipa ukumbi.

Baada ya namba, milango, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko popote.

Usiku mmoja nilikuwa nasimamia harusi. Ukumbi umejaa, umeme ukakatika wakati wa zawadi. Jenereta likawashwa, nalo lilikuwa limewekwa nje ya madirisha ya nyuma, upepo wa usiku ukausukuma moshi wote ndani. Watu wakaanza kukohoa. Nikakimbilia mlango wa pembeni ili niufungue hewa ipite. Mnyororo ulikuwa umezungushwa mara mbili kwenye vishikio, na kufuli kubwa la shaba linaning'inia. Ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa getini, upande wa pili wa jengo, anaelekeza magari. Tulichukua dakika sita kuupata. Bibi mmoja mwenye pumu alibebwa na vijana wawili kupitia mlango mkuu, wakipishana na watu waliokuwa wanaingia na sufuria za zawadi. Alipona, namshukuru Mungu. Nilipouliza nani alifunga ule mlango niliambiwa kamati yenyewe iliomba, kwa sababu ya wazamiaji, wale wanaoingia bila kadi.

Naelewa kwa nini kamati huomba hivyo. Vinywaji vina bei, kadi zimechangiwa, na mzamiaji mmoja huvuta wengine watano. Lakini dawa ya mzamiaji ni mtu mlangoni, kufuli halihusiki. Wekeni kijana mmoja kwenye kila mlango, ndani, na komeo linalofunguka kwa kusukuma. Ukumbi wa watu 350 unatakiwa uwe na milango miwili ya kutokea kwa uchache, iliyo mbalimbali, inayofunguka kuelekea nje, na njia ya kuifikia isiwe stoo ya makreti ya soda. Mwombe meneja cheti cha ukaguzi cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Akikunja uso, umeshapata jibu.

Wenzetu wa Tabora walilipa bei ambayo haisahauliki. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitr, watoto wapatao 20 walikufa kwenye ukumbi wa disko uliojazwa kupita uwezo wake, kwa kukosa hewa na kukanyagana. Ndiyo sababu mpaka leo kila sikukuu ikikaribia unasikia polisi wakipiga marufuku disko toto. Na Septemba 2023, huko Qaraqosh nchini Iraki, fataki zilizowashwa ndani ya ukumbi wakati wa harusi zilishika mapambo ya darini. Walikufa watu zaidi ya 100. Fataki za namna hiyo sasa ziko kwenye harusi zetu, wanaziita za baridi, na mapambo yetu ni vitambaa kuanzia darini hadi sakafuni. Mpambaji wenu akiwaletea wazo la kuziwasha wakati dada anaingia, kataeni. Hata kama zimeshalipiwa.

Nije kwenye bustani ya ufukweni, maana najua ndiyo inayowagawa. Nitakuwa mkweli: hakuna mahali pazuri pa sherehe Mwanza kama ufukweni jioni, jua linazama, mawe yamegeuka rangi, mitumbwi inarudi. Lakini mmesema Aprili. Huo ni moyo wa masika. Nyasi zinaweza kuwa zimelowa hata kama siku hiyo haikunyesha, na visigino vya akina mama vitazama. Ziwa lenyewe huwa linapanda kuelekea Mei. Mwaka 2020 lilifika kimo ambacho halikuwa limefika tangu miaka ya 1960, na wenye bustani za ufukweni wakaona meza zao zikiogelea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli na majengo ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Muulizeni mwenye bustani mpaka wake uko wapi. Sherehe inayosimamishwa kwa sababu ya kosa la mwenye eneo inawaumiza ninyi kwanza.

Mtaambiwa, "Tutafunga maturubai." Sawa, lakini muulize atayafunga kwenye nini. Mwanza ni mji wa mawe. Sehemu nyingi ukipiga kigingi kinaingia inchi nne kinakutana na jabali, kinabaki kinacheza. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku hugeuka, na mvua ya masika hutanguliwa na upepo wa ghafla usiotoa taarifa. Nimeliona turubai la watu 100 likinyanyuka na nguzo zake. Turubai la ufukweni lifungwe kwenye mapipa yaliyojazwa maji, lile pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200, moja kila mguu. Mwenye maturubai akikwambia vigingi vinatosha, hajawahi kufanya kazi kwenye mwamba.

Na kuna wadudu. Wenyeji wa ziwa tunawajua: wanapaa kutoka majini kama moshi, kwa wingi zaidi siku chache baada ya mwezi kuandama, na usiku wanafuata taa. Sherehe ya ufukweni yenye taa nyeupe kali juu ya meza ya chakula itawapata kwenye wali. Tazama mwezi utakuwa wapi Jumamosi yenu, weka taa kali mbali na chakula, juu ya chakula weka za manjano hafifu, na sufuria zifunikwe mpaka dakika ya mwisho. Bustani hiyo mngenitajia kwa sherehe ya Julai, ningewaambia lipieni leo. Kwa Aprili, na wageni 350, siwezi.

Mvua inanirudisha kwenye sauti. Sendofu ni sherehe ya maneno. Harusi inaweza kubebwa na muziki, lakini watu wanaokuja kwenye sendofu wanasubiri ile dakika mama anamshika binti yake mkono na kumwambia anachomwambia. Ukumbi wa mabati usio na dari, mvua ikianza, utaimeza dakika hiyo yote. Hata mshereheshaji mwenye spika nne atabaki anafungua mdomo tu. Kwa hiyo uliposema ukumbi wa parokia una dari nilifurahi kuliko ungesema una viyoyozi. Ukifika pale simama katikati, piga kofi moja kubwa, usikilize. Kofi likikurudia mara mbili tatu, ukuta ni mtupu na sakafu ni ya taili. Vitambaa vya mapambo vitasaidia, na watu wenyewe watasaidia zaidi, maana miili hunyonya mwangwi. Kofi likifa palepale, mko salama.

Kuhusu umeme sitaki ukubali jibu la "jenereta lipo". Muulize linawasha nini. Kumbi nyingi zina jenereta linalobeba taa na muziki, viyoyozi vinabaki vimezima, na ukumbi uliojengwa kwa kutegemea viyoyozi una madirisha madogo yasiyofunguka. Watu 350 ndani ya sanduku hilo, dakika 20 zinatosha kuwatoa wote nje. Mwambie fundi wao azime swichi kuu mbele yako, uhesabu mpaka taa zirudi, kisha angalia moshi unaelekea wapi. Uliza mafuta ni juu ya nani. Jambo lingine dogo ambalo dijei atakushukuru: vyombo vyake visichomekwe njia moja na viyoyozi, kwa sababu kila kiyoyozi kinapoanza kunguruma umeme unashuka na spika zinakoroma.

Vyoo: hesabuni matundu ya wanawake, siyo milango ya nje iliyoandikwa "Wanawake". Mimi hutaka tundu moja kwa kila wanawake 40, na kwenye sendofu wanawake ndio wengi, na gauni refu halina haraka. Ulizeni tangi la maji lina lita ngapi endapo bomba litakauka siku hiyo.

Sasa wageni watafikaje, na hasa watarudije. Hili vijana hamlifikirii kwa sababu mna pikipiki. Ukumbi wa katikati ya mji una barabara, lakini magari 60 yataegeshwa wapi? Barabara za vilimani, kama zile za Capri Point, gari moja likiegeshwa vibaya linafunga wote. Nyakato iko kando ya barabara kuu ya kwenda Musoma; wa Igoma na Kisesa watashukuru, wa Nyegezi na Buhongwa watanung'unika, na saa sita usiku wote watategemea bajaji. Wageni wa Sengerema na Geita siku hizi wana nafuu: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi linafanya kazi, hawalazimiki tena kuangalia saa ya kivuko. Kama mna watu wa Ukerewe, hao wanategemea meli ya Nansio na watalala mjini, kwa hiyo wapangieni malazi kwenye bajeti. Panda daladala mwenyewe siku moja mpaka kwenye ukumbi, ukiwa umevaa viatu vya sherehe. Utajua.

Kwenye mkataba, kwa sababu wewe ni mweka hazina, angalia saa kuliko bei. Mpambaji anapewa ukumbi saa ngapi? Kama Ijumaa usiku kuna kicheni pati ya watu wengine inayoisha saa nane, na ninyi mnaanza kupamba saa mbili asubuhi, nani anadeki katikati? Sherehe inafungwa saa ngapi, na kila saa ya ziada inatozwaje? Nimeona kamati iliyolipa ukumbi wa bei nafuu ikatozwa ziada za saa, za jenereta, za kuingiza vinywaji vyao na za kutumia mpishi wao, jumla ikapita ukumbi waliouacha kwa kuwa ghali. Andika bei ya kila ukumbi ikiwa na vyote ndani, kodi imo, usafi umo, walinzi wamo, viti na vitambaa vyake vimo, halafu ndipo ulinganishe. Dhamana ya uharibifu irudishwe ndani ya siku ngapi? Iandikwe. Tarehe iandikwe kwa maneno na kwa namba, na risiti ya kielektroniki idaiwe siku ya kianzio, maana risiti ndiyo itakayowatetea mkikuta siku hiyo ukumbi umeuzwa kwa watu wawili. Yaliwahi kunikuta nikiwa upande wa wateja: familia mbili, bibi harusi wawili, mlango mmoja. Walioshika karatasi waliingia.

Na majirani. Zipo kanuni za kelele za mwaka 2015, na maofisa wa mazingira wanazisimamia. Ukumbi wa Nyakato umezungukwa na nyumba za watu, kwa hiyo ulizeni parokia spika zinaelekezwa wapi na muziki unazimwa saa ngapi, mpange ratiba yenu kwa hiyo. Ulizeni pia, mapema na kwa heshima, kuhusu pombe. Parokia nyingine zinaruhusu, nyingine hapana, na msimwachie mjomba agundue mlangoni akiwa ameshika kreti.

Umeshaona ninakoelekea. Kwa wageni 350, Aprili, sendofu, ningekwenda Nyakato. Chakula ningekihamishia nje kwenye kiwanja, chini ya maturubai mawili yaliyofungwa vizuri na kugusana na mlango ili mtu asilowe, bufee mbili za pande mbili. Ndani nibaki na meza za wazee mbele, viti vya mistari nyuma, njia ya katikati ya mita mbili, na eneo la shangazi na kitenge chao. Fedha itakayobaki ikalipie jenereta la kukodi na mafundi wa sauti wanaojua kazi. Yule mjumbe anayeng'ang'ania viyoyozi mwambie aende na wewe, akae kwenye kiti cha nyuma kabisa.

Na mwende Jumamosi hii, siyo Jumanne. Omba ruhusa kwa msimamizi kwamba mnataka kuona shughuli ya wengine ikiendelea, atawakubalia mkisimama kando kwa adabu. Fikeni saa mbili usiku. Simameni nyuma, msikilize kama maneno ya mshereheshaji yanafika. Mhesabu foleni ya chakula kwa saa. Muone choo cha wanawake saa nne usiku, umtume dada mwingine aingie. Mguse kila mlango muone kama unafunguka. Halafu mngoje mpaka watu waanze kutoka, mtazame inachukua muda gani kiwanja kubaki kitupu. Ukishapima urefu na upana wa ndani na idadi ya milango, niandikie, nitakuchorea mpangilio wa meza wa kuanzia.